Kuzuia Google wakati wa mtihani

Mwalimu wangu, ukitaka wanafunzi wasitoke kwa mtihani wa Moodle (ule mfumo wa masomo mtandaoni) wakaingia Google, weka Safe Exam Browser, kivinjari cha kufanyia mtihani tu, kwa hizo kompyuta zenu za Windows, ni ya bure, ikifunguka inashika skrini yote, Alt+Tab ya kuhamia programu nyingine haimtoi nje, na ukishaiwekea paswodi ya kutoka kwa seting zake, mtoto akitaka kutoka kabla hajamaliza lazima wewe uje uiandike. Lakini usiishie hapo, ingia kwa seting za kwizi uiambie Moodle ikubali hiyo peke yake, la sivyo mtu atafungua mtihani na Chrome kama kawaida na kazi yote bure. Simu zikusanywe mlangoni tafadhali, hizo haiwezi kuzizuia. Stima ikipotea, vile inavyotupotea hapa Likoni, usipanik, Moodle husevu majibu yenyewe mtihani ukiendelea.