Uwiano wa mgandamizo kwa injini ya Beetle inayopozwa kwa hewa

SWALI: Mhariri, ninaijenga upya injini ya 1600 ya Volkswagen Beetle yangu. Nimenunua silinda za kipenyo cha milimita 90.5, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ya Engle W110 na kabureta mbili, lakini krankishafti ni ile ile ya mwendo wa milimita 69. Fundi mmoja anataka kuchonga vichwa vya silinda ili uwiano wa mgandamizo (ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini, ukigawanywa kwa ujazo unaobaki ikiwa juu) ufike 9.5 kwa 1. Mwingine ananionya nisivuke 7, na anapendekeza shimu (pete za kuinulia) nene chini ya silinda. Gari hukaa Nairobi, ila huenda nalo Mombasa likiwa na familia na mizigo. Nimfuate nani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, mafundi wako wote wawili wamekutajia namba kabla ya kuuliza valvu ya kuingiza hufungwa lini, petroli unayotia ina oktani gani (uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kujiwakia), na ni barabara ipi itakayoitesa injini hiyo kuliko nyingine. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua uwiano.

Tuanze na kamshafti, kwa kuwa umekwisha kuinunua. W110 huiacha valvu wazi kwa nyuzi 284 za mzunguko wa krankishafti, hivyo pistoni inapoanza kupanda sehemu ya mchanganyiko wa hewa na petroli husukumwa kurudi ilikotoka, na mgandamizo wenyewe huanza kwa kuchelewa. Kamshafti ya namna hiyo ikiwekwa kwenye uwiano wa 7, gari litakuwa goigoi kila unapoondoka, na utailaumu kabureta bure.

Hata hivyo, 9.5 siikubali. Kwa hesabu ya nadharia, kutoka 8.3 hadi 9.5 ufanisi wa injini huongezeka kwa takriban asilimia 4 tu, na kwa faida hiyo ndogo unahatarisha pistoni nne. Injini yako haina maji ya kuondoa joto karibu na plagi na valvu ya moshi. Inategemea feni inayozungushwa kwa mkanda, ambayo hupungua kasi wakati ule ule injini inapolemewa na mlima katika gia kubwa. Isitoshe, kelele ya feni huufunika mlio wa kugonga (mchanganyiko unapojiwakia wenyewe kwa joto na mgandamizo), kiasi kwamba dereva huusikia madhara yakiwa yamekwisha kuanza.

Nairobi pia inadanganya. Katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo injini yenye uwiano wa juu itaonekana tulivu kabisa mjini kwako. Mtihani wake ni safari ya kurudi, unapopanda kutoka Mombasa kuelekea Mazeras mchana wa jua kali, hewa ikiwa nzito na gari limejaa. Chagua uwiano kwa ajili ya mlima huo. Kwa petroli ya oktani 93 hadi 95, mimi ningechagua 8.3. (Ukisoma ushauri kutoka Marekani, kumbuka kwamba namba ya pampu za huko hukokotolewa kwa njia nyingine: 91 yao hukaribia 95 au 96 kwa kipimo chetu.)

Namna ya kuufikia uwiano huo ina uzito kuliko namba yenyewe, na hapa ndipo shimu nene zinapokosea. Pistoni inapofika juu kabisa, nafasi kati yake na sehemu bapa ya kichwa inapaswa kuwa finyu, kama milimita 1, ili mchanganyiko ukamuliwe kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, uvurugike na kuungua upesi. Ukiipanua nafasi hiyo kwa shimu unashusha uwiano, lakini unaupoteza mvurugiko huo, na injini ya uwiano wa chini inaweza bado kugonga. Iache nafasi ya milimita 1, kisha upanue chumba cha kuwakia.

Hesabu yake ni hii. Kila silinda ina sentimita za ujazo 443.9. Kwa uwiano wa 8.3, gawanya kwa 7.3 (yaani 8.3 toa 1) upate 60.8, ujazo wote unaobaki pistoni ikiwa juu. Nafasi ya milimita 1 juu ya pistoni bapa huchukua 6.4, hivyo chumba kinatakiwa kiwe na 54.4. Vyumba vikipungukiwa, fundi avichonge kwa uangalifu kuzunguka valvu hadi vyote vinne vilingane. Vipimwe kwa kioo chenye tundu na sirinji ya mafuta ya taa, valvu na plagi zikiwa zimefungwa. Ujazo ulioandikwa na muuzaji usiutegemee. Nafasi ya pistoni nayo ipimwe kwenye silinda zote, zikiwa zimekazwa.

Mwisho wa taimingi, yaani cheche inapotangulia zaidi kabla ya pistoni kufika juu, uwe karibu nyuzi 30, pungufu kidogo kabla ya kuteremka pwani.

SWALI: Geji ya mgandamizo kwenye tundu la plagi haitoshi kunionyesha uwiano?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Haitoshi. Geji hupima shinikizo, ambalo hubadilika kwa kamshafti, mwinuko wa mahali, uchovu wa ringi na nguvu ya betri inayozungusha stata. Itumie kulinganisha silinda moja na nyingine.