Kibofu kinapokaza na hakitaki kuachia

Kama kibofu kinakubana ghafla, kinauma chini ya kitovu na kukukimbiza chooni kwa matone mawili matatu, na hali imeshakaa miezi, usianze na vidonge. Anza na mkojo wenyewe. Upimwe maambukizi, na sisi watu wa Pwani tupimwe na kichocho pia, hasa aliyewahi kulima au kuoga kwenye mito na mabwawa. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli. Mawe nayo hukaza kibofu, na kwa wanaume tezi dume. Damu, homa au mkojo kuziba kabisa ni mambo ya hospitali siku hiyohiyo.

Vipimo vyangu vilitoka safi, nikapewa mazoezi. Niliudhika, maana nilitaka dawa. Lakini ndiyo yaliyonifaa zaidi. Haja ikikushika, usikimbie. Kaa kitako, kaza misuli ya chini kama azuiaye upepo, achia, kaza tena, harakaharaka mara tano sita, huku ukivuta pumzi. Ikishapoa, nenda taratibu. Mwanzo unachelewesha dakika 5, unaongeza pole pole. Yape wiki 6 ndipo uyahukumu.

Kahawa ya jioni barazani ilinitesa kuiacha, wallahi. Lakini ndiyo iliyokuwa ikinichokoza, pamoja na chai ya rangi. Achari ya ndimu hunisumbua mimi, jirani yangu anaila wala hana habari. Maji usiyapunguze mno, mkojo mzito huchoma. Choo kigumu nacho hubana kibofu.

Vidonge vya oksibutinini hulegeza kibofu, ila hukausha mdomo na kufunga choo, na mzee vinaweza kumvuruga akili. Mwenye presha ya macho amwambie daktari kabla. Mirabegroni, kidonge kingine cha kulegeza kibofu, haikaushi mdomo hivyo, lakini huweza kupandisha presha ya damu, kwa hiyo pimwa.

Vikishindwa, kuna sindano za Botox, dawa ya kulegeza misuli, ndani ya kibofu. Hukaa miezi 6 hadi 9 hivi, na wengine hulazimika kutumia mpira mwembamba wa kutolea mkojo kwa muda. Kuna pia kusisimua neva kwa sindano nyembamba karibu na kifundo cha mguu, nusu saa kila wiki kwa wiki 12. Mtu wa Lamu akiambiwa aifuate mbali, apige kwanza hesabu ya boti ya kuvukia Mokowe, bara, na basi.

Kuhusu sala, mkojo ukiwa hauzuiliki, jisafishe, jifunge kitambaa, utawadhe wakati ukishaingia, usali. Sheikh wa mtaani atakueleza, usimwonee haya.