Bosi hatoi ruhusa mpaka tarehe 24 na ukweni wanakusubiri: nilivyofanya mimi

Mdogo wangu, nimesoma swali lako mara mbili. Unafanya kazi duka la jumla Arusha, bosi amesema Desemba hakuna likizo na utatoka tarehe 24 jioni. Kwao mumeo ni Machame, mama mkwe ameshatangaza kwamba Krismasi ya mwaka huu ni ya mkamwana, watakuwa watu kumi na wanane, na wewe unawaza kutafuta ED, ile karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku nne ukapike. Nakujibu kwa niliyopitia, kwa sababu mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nililia asubuhi ya Krismasi, na wala hakuna mtu aliyekuwa amenisema.

Mimi niko Moshi mjini, nakaa Pasua. Kwao mume wangu ni Kibosho. Niko stoo ya kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro: nanunua chakula cha mlimani, nafunga mizigo, napokea mahema na masufuria yakishuka. Mwisho wa Desemba wageni wanajaa, wengi wanataka mwaka mpya uwakute kileleni. Likizo ya Desemba sijawahi kuipata tangu niajiriwe.

Mwaka ule nilitoka kazini tarehe 24 saa kumi na moja, nikapita sokoni kumalizia vitu, nikapanda gari la Kibosho na mifuko minne mapajani. Mvua za vuli zilikuwa bado zinanyesha, kile kipande cha kutoka barabarani hadi nyumbani ni udongo mwekundu mtupu, nilikitembea na viatu mkononi. Saa moja usiku nikawasha moto. Nilikuwa nimejiapiza kwamba wakitoka ibadani wakute machalari tayari, kwa hiyo nikamenya ndizi mshare, nikachemsha nyama, nikaunga kila kitu kwenye lile sufuria la shughuli. Saa tano likaiva. Nikalifunika lingali la moto, nikafunga kitambaa juu, nikaweka sinia paka asifunue, nikaliacha palepale karibu na makaa ili asubuhi lisinisumbue kupasha. Nikakaa kwenye kigoda nipumzike kidogo.

Nikashtuliwa na kengele ya kanisa. Nilipofunua, povu jeupe lilikuwa limezunguka ukingo wa sufuria, na katikati vipovu vidogo vinapanda na kupasuka taratibu, kama togwa ya siku ya pili. Nikaonja kwa ncha ya mwiko, nikatema. Mama mkwe akaingia na kanga yake ya kulalia, akaliangalia sufuria, akaniangalia mimi na nguo zangu za kazini ambazo sikuwa nimezivua. Akaniuliza, "Mwanangu, nani alikutuma ubebe vyote hivi peke yako?"

Nikatafuta jibu nikakosa. Wifi zangu wawili walikuwa wamefika kutoka Dar tangu tarehe 22, wamelala chumba cha pili. Shemeji alikuwepo. Hakuna hata mmoja niliyemwambia chukua hiki. Ndipo machozi yakatoka.

Sasa nikueleze kitu cha kazini kwetu, maana ndicho kilichonifungua macho. Kila mzigo unaopanda mlima unapimwa. Tunapima stoo kwa mizani ya kuning'iniza, na getini unapimwa tena. Mpagazi mmoja mwisho kilo 20. Ukizidi, huambiwi jikaze wewe si mgumu, mzigo unafunguliwa palepale, kinachozidi kinapewa mwingine, na kama hakuna mwingine anaongezwa mtu. Mimi niliyekuwa naifanya kazi hiyo kila siku, nikitoa unga hapa nikiweka kule ili mtoto wa mtu asiumie mgongo, nyumbani nilijipakia kilo sitini na sikuona tatizo.

Kwa hiyo cha kwanza: kaa na kalamu uandike kazi zote, na namaanisha zote. Watu wakipanga Krismasi wanaandika vitu vya kununua tu. Mchele, mafuta, mbuzi. Kazi hawaandiki. Nani anamenya vitunguu? Kuni kavu nani anazitafuta wakati huu wa mvua? Magodoro ya wageni nani anayatoa juani? Nani anafagia makaburi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na kupunguza masale, ile mimea ya mipaka, maana wakwe zako hawatapenda watoto wa ukoo wafike wakute majani? Ukishaandika utaona ni mzigo wa watu sita, na wewe una mikono miwili na kazi ya mwajiri.

Halafu igawe sasa hivi, Novemba hii, watu wakiwa bado na akiba na hawajaanza kuhangaikia tiketi. Na igawe kwa kitu kinachotajwa. Nilijifunza kwamba ukiandika kwenye grupu la familia "jamani tusaidiane Krismasi", watajibu amina na vidole gumba, basi. Ukimpigia shemeji ukamwambia "shemeji, mbuzi ni wako, anunuliwe kabla ya tarehe 15 bei haijapanda, kamba na majani baba atashughulika", anakubali, na anajisikia vizuri kwamba mbuzi ni wake. Wifi mkubwa akichukua mchele na mafuta, wa pili achukue chai ya asubuhi na watoto. Hao wa kutoka Dar usiwaweke kwenye fungu la wageni. Pale ni kwao. Walizaliwa pale, wanajua kila chungu kilipo. Mgeni zaidi pale ni wewe.

Hapa mumeo ndiye anatakiwa kuongea, nasema hivi kwa uzito wote. Maneno ya kumgawia wifi kazi yakitoka kwako mwaka wa kwanza yanasikika vibaya, hata uyaseme kwa upole gani. Yakitoka kwa kaka yake ni mpango wa familia. Na mama yake aambiwe na yeye, mapema, kwa simu, kwamba mke wangu anaingia tarehe 24 usiku kwa sababu ya kazi, kwa hiyo tumepanga hivi na hivi. Mama mkwe wangu alipoambiwa hivyo mwaka wa pili, alichojibu ni kwamba mbona hamkusema mapema.

Kuhusu ED, naomba uache kabisa. Mtu wa duka anajua Desemba nani ameumwa kweli. Ukidanganya ukakutwa, umepoteza kazi inayolipa hiyo Krismasi yenyewe, na daktari aliyekuandikia umemtia matatani. Haki yako ijue ilivyo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, ila lini uende mwajiri ana sauti, mradi asiivushe zaidi ya miezi sita baada ya mwaka wako wa likizo kuisha. Kwa hiyo hapo bosi hajavunja kitu. Lakini tarehe 25 na 26 zote ni sikukuu za kitaifa, na akikuita kazini siku hizo saa zake zinalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Omba kitu kidogo kinachowezekana: tarehe 24 utoke saa sita badala ya jioni, na wewe utakaa mpaka kufunga tarehe 30 na 31 wenzako watakapotaka kuwahi. Mimi nilibadilishana hivyo na mwenzangu wa stoo, ambaye ni Muislamu. Mimi namshikia Idi, yeye ananishikia mkesha wa Krismasi. Mwaka wa sita huu, hatujawahi kuangushana.

Siku yako kubwa ya kazi za nyumbani ni tarehe 9 Desemba. Sikukuu ya Uhuru, ofisi zimefungwa. Kama na duka lenu linafunga, panda Machame asubuhi na mumeo. Kutoka Arusha mpaka njia panda ya Machame ni gari moja tu, na wiki ile watu bado hawajaanza kushuka kutoka Dar, mtakaa kwenye kiti. Siku hiyo fanyeni kazi za nguvu: mapazia, chokaa, kuni ziingie darini zikauke kwa moshi. Peleka vitu visivyooza vyote siku hiyohiyo. Mchele wa Chekereni, sukari, chumvi, vitunguu vya Mang'ola vilivyokauka vizuri, hata viberiti. Tarehe 24 usinunue chochote zaidi ya nyanya na hoho. Mtungi wa gesi utikise kabisa. Wetu uliwahi kuishia kwenye wali wa mkesha.

Na siku hiyo ya tarehe 9 ulizia mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Najua utasema mbege si kazi yako, na ni kweli, ila hapo ndipo wakamwana wanaokaa mjini wanapochelewa bila kujua. Mbege haipikwi juzi ikanywewa leo. Ndizi lazima zivundikwe ziive, zichemshwe mpaka ziwe nyekundu, zikae siku kadhaa zichachuke. Ulezi nao uloweke, uote, uanikwe, usagwe, ndipo upikwe uji wa kuchanganyia, na gome la msesewa la kutia uchungu. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe 25, mikungu inatakiwa iwe imeshakatwa unapofika siku hiyo. Wewe peleka hela ya ulezi na ya kusaga, mkabidhi mama mkwe mkononi, umwambie "mama, hii ya mbege, wewe ndiye unayejua". Mimi nilivyofanya hivyo alinikalisha karibu na pipa akaanza kunionyesha jinsi ya kusikiliza mbege inavyochemka yenyewe. Sikuwa nimeomba kufundishwa.

Chakula chenyewe punguza. Machalari, mtori wa ndizi, kiburu cha ndizi na maharage, pilau, nyama ya kuchoma, vyote siku moja? Hapana. Sisi siku hizi asubuhi ni mtori na chai, mchana pilau na nyama ya mbuzi ambayo baba mkwe anaigawa mwenyewe, maana nani anapata kipande gani ni jambo lake na wazee wenzake. Machalari tunayaacha tarehe 26, tena yanapikwa asubuhi hiyohiyo na yanaliwa yote. Hakuna aliyelalamika.

Pilau yako ianze mjini. Tarehe 21 au 22 usiku, ukitoka kazini, saga viungo, kaanga vitunguu vyote mpaka viwe kahawia iliyokolea, vipoe kabisa, weka kwenye kopo lenye mfuniko liingie kwenye friji. Kitunguu ndicho kinachokula muda wa pilau ya watu wengi, mwingine wote ni maji na moto. Nyama achemshe wifi tarehe 24 mchana, na mwambie aipoze kwenye masinia mapana kabla ya kuifunika. Usiku ule wa sufuria langu ndiyo ulionifundisha hilo.

Kama una dada wa kazi, usimhesabu kwenye mpango. Na yeye ana kwao, na mama yake anamsubiri kama mama mkwe anavyokusubiri wewe. Mkatie tiketi mapema na mpe mshahara wake kabla ya tarehe 20. Nimeona nyumba ambazo dada anazuiliwa mpaka tarehe 26 kwa ahadi ya zawadi. Inaniuma kila nikiona.

Tarehe 24 usiku ukifika, salimia, oga, kula, lala. Nasema ulale. Mwaka wa pili nilifika saa mbili usiku nikakuta wifi zangu wanamenya viazi, wanacheka, redio inaimba nyimbo za Krismasi. Nikashika kisu. Mama mkwe akakichukua mkononi mwangu, akanipa kikombe cha maziwa ya moto, akaniambia nimwachie mtoto alale na bibi yake. Asubuhi nilienda ibada ya kwanza nikiwa na macho makavu na gauni lililopigwa pasi.

Leo usiku muombe mumeo ampigie dada yake mkubwa kwanza, kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Huyo akikubali mchele, wengine watafuata. Halafu rudi hapa uniambie amechukua nini, tupange kilichobaki pamoja.