Ukienda Siena kuona Palio, usikimbilie kununua skafu

Palio ni mbio za farasi ambazo mitaa ya Siena, mji wa Italia, hushindana Julai 2 na Agosti 16. Mara ya kwanza nilitoka Firenze kwa basi asubuhi ya Julai 2, nikashuka Siena na kununua skafu iliyonivutia macho: kijani na nyeupe, ina mistari myekundu na picha ya bata bukini. Nikajifunga shingoni, nikajitosa vichochoroni. Muda si mrefu nikajikuta kwenye mtaa unaopepea bendera za tembo aliyebeba mnara. Bibi mmoja aliyekuwa mlangoni kwake akaitazama shingo yangu, akatikisa kichwa, kisha akanionyesha kwa kidole: vua.

Nilikuwa nimevaa rangi za Oca, mtaa wa bata bukini, ndani ya Torre, mtaa wa tembo na mnara, mahasimu wa tangu na tangu. Ni sawa na kutinga Jangwani na jezi nyekundu siku ya dabi. Ila Simba na Yanga mtu hujichagulia. Contrada, yaani mtaa, unazaliwa nayo. Ziko 17, na mipaka yake iliwekwa mwaka 1729 na Violante wa Bavaria, gavana wa Siena. Kila moja ina kanisa lake, makumbusho yake, na chemchemi ambapo watoto hubatizwa kuwa watu wa mtaa.

Kwa hiyo ushauri wangu: usiende siku ya mbio tu. Fika Juni 29, au Agosti 13 kwa mbio za Agosti 16, farasi wanapogawiwa kwa kura. Mtaa hauchagui farasi. Nimeona watu wazima wakilia kwa furaha kupata farasi mzuri, na jirani zao wakiondoka kimya kama wametoka msibani. Kisha kuna majaribio sita, na usiku wa kuamkia mbio barabara nzima hugeuka meza ya chakula. Mitaa mingi huuzia wageni nafasi. Nunua, kaa, sikiliza nyimbo za kumkejeli hasimu.

Siku yenyewe farasi huingizwa kanisani. Padri humbariki na kumwambia, "Nenda, urudi mshindi." Akiangusha mavi humo ndani, watu hufurahi, maana ni bahati njema.

Kusimama katikati ya Piazza del Campo, uwanja wa mji zinapokimbiwa mbio, ni bure, lakini ukishaingia umeingia. Jua kali, choo hakuna, maandamano ya mavazi ya kale yanapita zaidi ya saa mbili. Beba maji na kofia, na mtoto mdogo mwache.

Hukimbia mitaa 10 tu: saba ambayo haikukimbia mbio za tarehe hiyo mwaka uliopita, na mitatu ya kura. Farasi tisa hupangwa kati ya kamba mbili. Wa kumi hubaki nyuma, na akianza kukimbia ndipo kamba hudondoka. Hapo wapanda farasi hunong'onezana bei, nani ambane nani. Wageni huchoka kungoja, mimi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko mbio zenyewe.

Mbio ni mizunguko mitatu, dakika moja na nusu au pungufu, bila tandiko. Farasi aliyemwangusha mtu wake akitangulia, ameshinda. Kwenye kona ya San Martino wengi huanguka, na wapo farasi waliokufa kwa miaka mingi ya mbio hizi. Watetezi wa wanyama hulalamika, na mimi pale hufumba macho.

Usimpongeze mtu wa mtaa ulioshika nafasi ya pili. Huyo ndiye aliyeshindwa kuliko wote, ameukosa ushindi akiuona. Zawadi yenyewe ni bendera ya hariri iliyochorwa, wenyewe huiita cencio, yaani tambara.

Na ukiweza, rudi vuli kwenye karamu ya mtaa ulioshinda. Farasi huletwa kama mgeni rasmi, akawekewa chakula chake kwenye hori, watu wote wakimtazama akila.