Land Rover isiyoshika sailensa: kabla hujaitupa kabureta ya Zenith

Ndugu yangu, umeeleza kwamba Land Rover yako ya Series III, ile ya petroli yenye injini ya sentimita za ujazo 2,286, haishiki sailensa, yaani haitulii ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, inatoa moshi mweusi, na fundi wako amezungusha skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli siku mbili nzima bila mafanikio, hata sasa anakushauri ununue kabureta mpya, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla hazijaingia kwenye injini. Nilikaa na gari kama hilo Iringa kwa miaka tisa, na kabureta ya pili niliinunua kabla sijatambua kuwa ile ya kwanza ilikuwa na kasoro moja tu.

Ukiingiza na kutoa skrubu ya mchanganyiko na mlio wa injini usibadilike, acha kuizungusha, kwa sababu mafuta yanayoifikia injini kwenye sailensa yanapita mahali pengine. Katika Zenith 36 IV, aina ya kabureta iliyo kwenye gari lako, mahali hapo mara nyingi ni kati ya kifuniko cha juu na bloku inayobeba jeti, yaani vile vitundu vyembamba vinavyopitisha petroli. Kifuniko hicho ni cha aloi laini. Mafundi wameshakikaza kwa nguvu mara nyingi mno, kikapinda, na ule mpira mdogo wa duara unaoziba kati yake na bloku ukakakamaa. Injini inapovuta, inanyonya mafuta kupitia ufa huo, na skrubu yako haina tena cha kudhibiti.

Pointi, plagi na taimingi, yaani mfumo wa kuwasha moto, zikaguliwe kwanza, na valvu ziwe na nafasi ya milimita 0.25, maana kabureta husingiziwa mengi. Hayo yakiwa sawa, ifungue. Weka rula ya chuma kwenye uso wa kifuniko, kisha kwenye uso wa bloku, huku taa ikiwa nyuma yake. Mwanga ukipenya chini ya rula, pamepinda. Mimi nilitandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikaupaka mafuta kidogo, nikasugua kwa mwendo wa umbo la nane bila kukandamiza, hadi uso wote ukang'aa sawasawa. Kazi hiyo ilinichukua karibu saa nzima, na haifai kuharakishwa. Osha kila kitu kwa petroli, pulizia matundu kwa kompresa, na usikubali mtu achokonoe jeti kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka kidogo tu gari litakunywa mafuta maisha yake yote. Boya, kile kinachoelea ndani ya kabureta na kufunga petroli inapojaa, litikise karibu na sikio. Ukisikia mafuta ndani, limetoboka. Mpira wa duara na gasketi uweke vipya.

Ukisharudisha, ingiza skrubu ya mchanganyiko taratibu hadi iguse mwisho, bila kuikaza, kwa kuwa ncha yake huharibika upesi, kisha itoe mzunguko mmoja na nusu. Acha injini ipate moto kamili, choki ikiwa imerudishwa ndani, ndipo utafute mahali inapozunguka kwa kasi zaidi, upunguze kasi kwa skrubu ya sailensa, na urudie mchanganyiko mara moja tena. Ifanye kazi hii huko gari linakoishi: langu lilirekebishwa Dar es Salaam, likapanda Iringa, mita kama 1,600 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya huku ikalifanya lizidiwe mafuta tena.

Jambo moja litampa fundi wako haki: shika ekseli ya kipepeo cha chini, kile kinachofunguka unapokanyaga mafuta, uitikise. Ikicheza sana ndani ya matundu yake, hewa inaingia hapo na msasa hautakusaidia, nunua nyingine. Vinginevyo fungia ileile, na skrubu za kifuniko uzikaze mwenyewe kwa bisibisi fupi, kidogo kidogo, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, na uache mara tu mkono unapohisi zimeshika.