Rilei nane zikiwashwa pamoja, za katikati zinagoma: anza na sumaku

Fundi mmoja wa Kibaigwa, Dodoma, ameuliza kwa nini bodi yake ya rilei nane za ridi (swichi ndogo za ndani ya kioo zinazofungwa kwa sumaku ya koili), zilizobanana mstari mmoja, inasumbua mchana. Ukiwasha rilei moja, inafunga, yaani inapitisha umeme. Ukiwasha zote, za katikati zinabaki wazi. Amenunua rilei mpya, hali ni ileile. Jamani, tuache kutupa rilei nzima!

Ndani ya kile kioo kuna ndimi mbili nyembamba za mchanganyiko wa chuma na nikeli. Koili ikipata umeme, ncha zinazotazamana zinakuwa kaskazini na kusini, zinavutana. Mvuto ukishinda ukakamavu wa ndimi, kontakti inafunga, na haichukui hata milisekunde 1. Mvuto huo unaletwa na mkondo ukizidishwa kwa mizunguko ya waya. Mkondo ukipungua, sumaku nayo inalegea.

Sasa tupige hesabu. Rilei nyingi za volti 5 zimeahidiwa kufunga kwa volti 3.75 kwenye nyuzi 25. Boksi la bati juani Dodoma linaweza kufika nyuzi 50. Ukinzani wa shaba unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi, kwa hiyo ili koili ipate mkondo uleule sasa unahitaji volti 4.1. Kisha majirani: koili zilizolala sambamba, zote zimeelekea upande mmoja, kila moja inapunguza sumaku ya mwenzake. Ya katikati inabanwa pande zote mbili. Asilimia 10 tu ikiongezeka, umefika 4.5. Na ULN2003, chipu ya kuwashia koili, imeshakula karibu 0.8 kati ya volti 5, kwa hiyo koili inapata 4.2. Itafungaje?

Pima volti kwenye miguu ya koili ya katikati, zote zikiwa zimewashwa, mfuniko umefungwa, saa nane mchana. Ukipima asubuhi mfuniko ukiwa wazi utadanganyika. Badilisha ULN2003 kwa transista za BC337, kila moja na dayodi yake (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na koili. Upotevu unashuka chini ya volti 0.2. Kisha geuza chanya na hasi za koili ya pili, ya nne, ya sita na ya nane, ili majirani wasaidiane. Ila hakikisha kwanza kama rilei ina dayodi ndani. Hiyo ukiigeuza, dayodi inapiga shoti na transista inaungua. Kwa bodi mpya, nunua zenye ganda la kukinga sumaku.

Rilei inayoganda ikiwa imefunga ni kesi nyingine: mara nyingi kapasita au kebo ndefu imechomelea kontakti. Kwa saketi ya ishara ya volti 12, weka rezista ya omu 100 mfululizo, karibu kabisa na kontakti.