Ofa za supamaketi: zinalipa, au zinakutembeza tu?

Nianze na jibu ili wenye haraka waendelee na shughuli zao. Ofa zinalipa kwenye sabuni, mafuta ya kula, pampasi na maziwa ya unga. Kwenye mchele, maharage na dagaa, kwa sisi wakazi wa Mwanza, zinakula nauli yako bure.

Ushauri mwingi wa kubana matumizi unaozunguka mitandaoni umetoka Marekani, na kule kuna kuponi. Unaikata kwenye gazeti la Jumapili, siku hizi unaibofya kwenye simu, unaionyesha kaunta na unapunguziwa bei. Aliyeitoa mara nyingi ni kiwanda, na ndicho kinachomrudishia mwenye duka pesa yake. Coca-Cola waligawa za kwao tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, mtu aonje glasi moja ya bure. Sasa hapo ndipo penye siri yote: kuponi hutolewa na mtu mwenye jina la kutangaza. Nani atakuchapishia kuponi ya mchicha? Ofa zetu nazo ni hivyo hivyo. Zinahusu vitu vya pakiti, wakati kikapu cha nyumba nyingi za hapa kimejaa vitu visivyo na pakiti.

Kwa vya pakiti, basi, fuata ofa, ila kwa hesabu. Tuseme mafuta ya lita tatu yamewekewa kibandiko chekundu, shilingi 19,500. Pembeni kuna dumu la lita tano la 31,000, halina kibandiko chochote. La kwanza ni 6,500 kwa lita, la pili ni 6,200. Ofa iko wapi hapo? Kisha geuza chupa usome tarehe ya mwisho wa matumizi, maana punguzo kubwa la ghafla mara nyingi lina sababu. Sabuni haina neno. Maziwa ya unga yaliyobakiza wiki chache yaache hapo hapo, labda kama nyumba yako ina wanywaji wengi wa chai ya maziwa.

Na risiti isomee pale pale kaunta. Kuna supamaketi moja mjini, sitaitaja, kibandiko kilisema 14,000 na mashine ikasoma 16,000. Keshia akaniambia, "Hiyo ofa iliisha jana, dada." Nikamwambia basi kibandiko nacho kiishe leo. Walinipa kwa bei ya rafuni, lakini foleni nzima nyuma yangu ilishaanza kuguna.

Nauli usiisahau. Ukiwa unatoka Buhongwa au Igoma, kwenda mjini na kurudi ni zaidi ya elfu moja kwa daladala, na mzigo ukiwa mkubwa utapanda bodaboda. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, mfuko nao unanunua. Ofa ya kuokoa elfu moja na mia tano haikutoi nyumbani. Kama una safari yako ya mjini, sawa, pitia.

Tuje kwenye pesa yenyewe. Pale soko la Mwaloni Kirumba hakuna kibandiko, ila bei ya dagaa inapanda na kushuka kwa kufuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wakifuata mwanga wa taa. Mwezi ukijaa, taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika na wenye mzigo wanaushikilia. Ukinunua kipindi cha giza, mzigo ukiwa umemwagika sokoni, unapata punguzo ambalo hakuna meneja aliyelitangaza. Masika ni habari nyingine, kwani jua ni la kubahatisha na dagaa hawakauki vizuri.

Usiyaamini macho tu. Chukua dagaa mmoja umvunje. Mkavu anakatika kwa mlio, na akijipinda ujue unanunua maji kwa bei ya samaki. Wengine wasugue kiganjani uone wanaacha nini: walioanikwa chini wanaacha mchanga, wa kwenye chanja wanaacha kiganja kisafi. Wa chanja bei yao iko juu kidogo, na mimi nalipa bila kinyongo, kwa sababu mchanga nao ungeingia kwenye kipimo. Rangi ikishageuka njano, ondoka.

Kuhusu kipimo, angalia kitako cha sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Kuna iliyobonyezwa kwa ndani kwa makusudi, na hata ukijaziwa mpaka kichuguu kimesimama juu, ushaibiwa chini. Panapo mizani, omba mizani, na utafute stika ya Wakala wa Vipimo. Muuzaji mwaminifu hanuni ukiangalia. Yule ninayemfuata mimi hapunguzi bei hata umbembeleze vipi. "Mayu, bei ni hiyo hiyo, lete mfuko nikuongeze," ananiita mama kwa Kisukuma, na kweli anaongeza konzi mbili. Uteja wa namna hiyo unajengwa kwa kurudi kwa mtu yule yule, na kwa kutomkopa ukapotea.

Mchele nunua baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, mzigo wa Magu, Sengerema na Shinyanga unapoingia. Mpya una tabia ya kushikana, kwa hiyo punguza maji ya kupikia. Kufikia Januari na Februari, ada za shule zikiwa mlangoni, bei huwa imeshapaa na utashukuru kuwa na akiba ndani.

Tatizo ni kwamba gunia linataka pesa ya mkupuo, na wengi wetu tunapata ya siku kwa siku. Sisi majirani tunachanga. Anayekwenda sokoni halipi bodaboda, tunamlipia wote. Akirudi, tunagawana kwa sado moja tu kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, inayofutwa juu kwa kijiti, na aliyekwenda sokoni ndiye anayechukua fungu la mwisho.